Gitaa la Kristina na Magunia Matano ya Mchele

Kristina hakuwahi kuachwa akamaliza. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Si kwamba watu hawakumpenda, walimpenda vizuri tu. Alikuwa mpangaji wa Bi Mwanasiti pale Chumbageni kwa mwaka wa kumi na mbili, chumba cha uani karibu na bomba, na miaka yote hiyo hakuwahi kugombana na mtu kwa ajili ya ndoo. Mchana alisuka kamba na mazulia ya katani kwenye karakana. Jioni alioga, akala, akatoa gitaa lake la umeme, akalilaza mapajani kama mtoto wa kunyonya, akaanza kuutoa ule mlio wake mmoja mrefu. Robo saa haipiti. Mtu atabisha hodi, au atamwita aje aonje mchuzi ambao hauhitaji kuonjwa, au ataimba kwa makusudi nje ya dirisha.

Alikuwa na kipande kimoja tu, chake mwenyewe, kirefu cha saa mbili na zaidi, anakijua chote kichwani. Mwisho wake hakuna aliyewahi kuusikia. Hata yeye alikuwa akiuwaza tu.

Alizaliwa kambini, kwenye shamba la katani upande wa Muheza. Baba yake alikuja kutoka Kasulu akiwa kijana, na kazi aliyopewa ni kulisha korona, ile mashine kubwa inayoponda majani ya katani na kuacha singa nyeupe. Korona ilivuma kutwa. Watoto wengine wa kambini walikuwa hawaisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi yake. Kristina aliisikia. Akitumwa kupeleka chakula cha baba, husimama ukutani na bakuli mkononi. Majani yakiingia, mvumo unashuka, kama mtu aliyetwishwa mzigo. Yakipita, unapanda. Na ndani ya ule mvumo kuna mwingine mwembamba, na ukivumilia sana, ndani ya huo mwembamba upo mwingine tena.

"Unatazama nini hapo?" baba yake alimuuliza siku moja.

"Sitazami."

"Basi lete hicho chakula, kishapoa."

Alipomaliza darasa la saba akaingia chumba cha mabrashi, kuzisugua singa mpaka zing'ae. Jumapili aliimba kwaya. Mwalimu wa kwaya, Edgar, ndiye aliyemfundisha gitaa. Alimwonyesha mishiko mitatu, akamwambia kwa hiyo mitatu utampigia Mungu nyimbo zote. Kristina akaushika wa kwanza, akaupenda, akakaa humo. Kwaya inakwenda mbele, yeye yupo pale pale.

"Kristina, badilisha," Edgar akamwambia.

"Bado haujaisha, mwalimu."

"Nini hakijaisha?"

Kristina akaugusa tena ule ule. Wiki iliyofuata akarudishwa kwenye sauti ya pili, na gitaa likapewa kijana mmoja aliyekuwa akibadilisha hata pasipohitajika.

Alipohamia mjini alikuta Rafaeli, mpiga gitaa wa bendi ya dansi iliyokwisha kufa, anauza vyombo vyake. Akanunua gitaa, kispika chenye amplifaya ndani, na pedali ya mwangwi. Rafaeli alimwonea huruma kwa ile pedali. "Dada, hicho mie sijakitumia. Ukipiga mlio mmoja, kinaukamata na kukurudishia tena na tena mpaka utachoka." Kristina akasema hicho ndicho anachokitaka zaidi kuliko vyote.

Wakati fulani Rafaeli huyo huyo alimtafutia nafasi kwenye baa moja, apige kabla ya wachezaji kuja. Alipiga dakika sita. Mwenye baa akaja akainama sikioni mwake, akamwuliza kama spika imeharibika, na kabla hajajibiwa akawasha redio. Kristina alirudi nyumbani kwa miguu na spika kichwani. Hakulia. Njia nzima alikuwa anafikiria kwamba dakika ya saba ndiyo ingekuwa nzuri.

Basi alijifunza mwenyewe, chumbani, kidogo kidogo, kwa vipande vya robo saa. Aligundua kwamba akichukua singa ndefu za katani, akazichana, akazipaka ubani uliosagwa, akazipitisha chini ya uzi mnene wa gitaa na kuzivuta kwa mikono miwili, mbele na nyuma, uzi haulii kama gitaa tena. Unaguna. Unavuma. Pedali inaukamata ule mvumo na kuuzungusha, naye anaongeza mwingine juu yake, na mwingine, mpaka chumba kizima kinakuwa kama mtungi unaopulizwa mdomoni.

"Unafuga nyuki humo?" Bi Mwanasiti alikuwa akimwuliza asubuhi, badala ya kuuliza ameamkaje.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nyuki wako hawajambo?"

Sasa, mjukuu wa Bi Mwanasiti, Nasra, alikuwa anaolewa na kijana wa Moa, huko mpakani. Siku tatu kabla ya arusi ni siku ya kuchagua mchele. Wanawake wa mtaa na wa ukoo huja asubuhi, wakakaa uani kwenye majamvi, kila mmoja na sinia lake, wakatoa vijiwe na chuya mpaka magunia yote yaishe. Na mikono ikifanya kazi, midomo hailali. Huimbwa, husengenywa, huchekwa. Nasra alikuwa ameona kwenye simu yake wanawake wa mbali wanapiga magitaa arusini, akaingiwa na tamaa.

"Shangazi Kristina," akamwambia, "siku ya mchele uje na gitaa lako. Utuchangamshe."

Bi Mwanasiti alikuwa pale pale kizingitini, anachambua mchicha. "Huyu? Huyu atatuchangamsha au atatulaza?"

Kristina akasema, "Nitakuja. Ila nitapiga kile kipande changu. Chote."

"Kile cha nyuki?" Bi Mwanasiti akauliza.

"Kile kile, Bibi."

Bi kizee akaweka mchicha chini. "Sikiliza, mwanangu. Mie nimekuvumilia, Mungu shahidi. Nyumba hii ina wapangaji sita, na kila mmoja kanijia na lake juu ya kidude hicho. Siku hiyo watakuja wanawake thelathini na ndimi zao. Wakikukatiza mbele ya watu wote hao, ndio basi. Sitaki kukisikia tena chini ya bati langu. Utakipeleka huko utakakojua."

"Na nikimaliza?"

"Humalizi."

"Nikimaliza, Bibi?"

"Tutaona," Bi Mwanasiti akasema, akarudia mchicha wake.

Kuna watu wangejitoa hapo. Kristina alikwenda stoo ya nyumba akahesabu magunia. Yalikuwa matano. Akarudi chumbani, akakaa kitandani, akakikata kipande chake sehemu tano. Gunia la kwanza uzi mnene peke yake. La pili atatia singa. La tatu nyuzi mbili. La nne ndio pana, kila kitu kinavuma pamoja. La tano ni kuondoa, kimoja kimoja, mpaka kubaki ule wa kwanza. Tena akajiwekea sharti: magunia yakichelewa, naye atachelewa. Yakienda mbio, atakwenda nayo. Jambo moja tu ndilo lingeweza kumshinda, nalo ni adhana ya adhuhuri. Msikiti upo nyumba ya nne, na adhana ikitoka, hata redio ya kinyozi hunyamaza. Ikimkuta katikati, atazima kwa heshima kama mtu mwingine yeyote, na itakuwa amekatizwa vile vile.

Siku yenyewe alitangulia uani kabla ya wageni. Akachagua kona karibu na jiko la mawe, akachomeka waya wake kwenye soketi ya barazani, akaipunguza sauti mpaka ikawa chini ya mazungumzo, si juu yake. Hilo nalo alikuwa amelifikiria usiku kucha. Mtu akikupigia kelele utamwambia anyamaze, lakini nani atamwambia jiko linyamaze?

Wanawake wakaja na kanga zao na vicheko vyao. Mbele yao Kijakazi, somo na kungwi wa Nasra, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha bodaboda. Huyo ndiye mshika nyimbo wa mtaa. Hakuna mchele uliochaguliwa Chumbageni miaka kumi bila yeye.

"Ehee, leo tuna bendi," akasema alipomwona Kristina. "Haya bendi, jiandae. Mie nina nyimbo tumboni zinanikereketa."

Gunia la kwanza likamwagwa. Kristina akaugusa uzi mnene kwa dole gumba, mara moja. Pedali ikaudaka, ikaurudisha. Akagusa tena.

"Anatengeneza nyuzi," Kijakazi akawaeleza wenzake, kwa sauti ya mtu anayejua mambo. "Hawa wapiga gitaa lazima wapime kwanza. Tumngoje, akimaliza kupima naanzisha."

Wakangoja. Na kwa kuwa walikuwa wanangoja, hawakuimba. Na kwa kuwa hawakuimba, mikono ndiyo iliyofanya kazi. Vijiwe vikaenda huku, chuya kule. Wakasengenya kidogo, juu ya mke wa mtu mmoja aliyenunua friji kabla ya kitanda, lakini hata masengenyo yalitoka polepole, yakiwa na nafasi katikati.

Gunia la kwanza likaisha. Kristina akapitisha singa chini ya uzi, akaanza kuvuta.

"Mbona anafuma?" akauliza bi mmoja aliyekaa nyuma.

"Ubani huo nausikia," akasema mwingine. "Kijakazi, mwambie asije akatuitia wageni. Mie pepo wangu wamelala."

"Pepo wako hawaji kwa ubani wa dada Kristina," Kijakazi akamjibu. "Wako wanataka biriani."

Wakacheka, na mvumo ukapita chini ya kicheko, ukatokea upande wa pili. Kristina hakuinua kichwa. Mikono yake ilikwenda mbele na nyuma kama ya mtu anayekuna nazi bila haraka. Gunia la pili likaisha. La tatu likafunguliwa. Bi mmoja mzee aliyekuja na mgongo unaouma alikuwa ameacha kulalamika, anachagua tu, sinia baada ya sinia, na kidole chake kikitua juu ya kijiwe kila mvumo unapozunguka na kurudi. Wenzake wawili waliokaa karibu naye walikuwa wameanza kufanya vile vile. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, ila labda Kristina, maana yeye masikio yake yalikuwa na macho.

La tatu lilipokuwa linaisha, Kijakazi akachoka.

"Dada Kristina, kwa heshima zote. Utamaliza kupima lini, uanze?"

"Nilishaanza, dada."

"Toka lini?"

"Toka gunia la kwanza."

Uani pakawa kimya. Kilichosikika ni ule mvumo tu, kwa mara ya kwanza ukiwa peke yake, na wote wakausikia pamoja. Kisha mtu akapasuka kwa kicheko, na mwingine, mpaka kanga zikaenda machoni kufuta machozi. Kijakazi hakucheka. Alikuwa amefanywa angoje wimbo uliokwisha kufika, mbele ya watu aliowaambia yeye ndiye anayejua. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaelekea barazani kwenye soketi.

"Sasa imetosha. Mchele wa arusi hauchaguliwi kwa nyuki."

Bi Mwanasiti alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alimtazama Kristina kama mtu anayetazama maziwa jikoni, kuona yatamwagika au la.

Kristina aliendelea kuvuta. "Dada Kijakazi," akasema bila kupandisha sauti, "ukichomoa sitagombana nawe. Hii ni shughuli yenu. Lakini nimeanza na mchele, na magunia mawili yamebaki. Nataka nimalize nao."

"Umalize ili iwe nini?"

"Ili niwe nimemaliza."

Kijakazi akashika waya. Hapo yule bi wa mgongo, bila kuinua macho kwenye sinia lake, akasema, "Kijakazi, sinia lako umeliacha nusu."

Kumbe kweli. Na kwa wanawake wa ua ule, hilo si jambo dogo. Desturi yao ni kwamba mchele wa bi arusi ukianza sinia hunyanyuki mpaka uwe safi, wala mwenzio hakumalizii, wasije wakasema nyumba ya bi arusi imeanza kwa nusu nusu. Na somo mwenyewe, ambaye kila arusi ndiye anayewakaripia wasichana kwa jambo hilo hilo, amesimama barazani na waya mkononi, sinia linamngoja na chuya zake.

"Astaghafirullahi," Kijakazi akasema. Akaachia waya, akarudi kwenye jamvi, akakaa kwa kishindo. Wasichana wakaziba midomo kwa mitandio. "Na mtu asicheke," akaongeza. "Nikimaliza hili nanyanyuka."

Lakini alipolimaliza, lingine likawa limekwisha kujazwa mbele yake.

Gunia la nne ndilo lililokuwa pana. Kristina alitia nyuzi zote, moja baada ya moja, mvumo ukapanda ukagusa mabati, na bado haukuwa wa kelele. Kijakazi hakuweza kujizuia tena. Akaanzisha wimbo wake wa mchele, kwa sauti ile ya kusimamisha bodaboda, na wenzake wakamwitikia. Sasa huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, mkubwa kuliko waya. Maana wimbo una magoti, unapinda hapa na pale, na kila ulipopinda, vidole vya Kristina viliwashwa kuufuata. Ile mishiko mitatu ya Edgar alikuwa nayo, haikuwa imetoka mkononi miaka yote hiyo. Angebadilisha mara moja tu, ua mzima ungelipuka kwa vigelegele, angekuwa malkia wa siku. Na kipande chake kingekuwa kimefia hapo.

Hakubadilisha. Alikaa pale pale. Wimbo ukapanda juu ya mvumo kama mtoto anavyopanda mgongo wa mamaye, ukacheza huko juu, ukapinda, ukarudi, ukaisha. Mvumo ulikuwepo kabla yake na ulikuwepo baada yake. Kijakazi akatazama upande wa Kristina, akaanzisha ubeti mwingine polepole zaidi, mara hii akiuvuta mwisho wa kila mstari ukae ndani ya ule mlio kabla ya kuuachia.

Likabaki gunia moja. Saa sita na dakika tano. Kristina akaanza kuondoa. Akatoa uzi mwembamba, akatoa wa pili. Nasra, aliyekuwa amefungiwa ndani kama desturi, akafungua dirisha kidogo asikie vizuri. Saa sita na robo, mchele bado ulikuwa kilima kwenye jamvi.

"Jamani, adhana itatukuta," akasema bi mmoja.

"Haitukuti," Kijakazi akasema. "Nyie huko nyuma, mmekuja kuchagua au kupiga picha? Leteni masinia yenu hapa. Huyu mtu anataka kumaliza, hamumsikii?"

Wakasogea. Masinia yakagusana. Hakuna aliyeimba wala kusengenya, vidole tu, na ule mvumo unaopungua, umebaki uzi mnene na singa, kisha singa zikatoka, ukabaki uzi mnene peke yake. Kristina akaugusa kwa dole gumba. Akautazama mchele. Masinia manne. Akaugusa tena. Mawili. Msikitini kipaza sauti kikakwaruza, mtu akakipuliza mara mbili. Kijakazi akatoa chuya ya mwisho kwenye sinia lake, akaitupa begani bila kutazama inakokwenda, akakung'uta viganja.

Kristina akaondoa mkono. Pedali ikaurudisha ule mlio, hafifu, ikaurudisha tena hafifu zaidi, na mara ya tatu hakuna aliyejua kama anausikia au anaukumbuka. Akazima swichi. Alikuwa ndio kwanza amefunika kispika kwa kanga wakati adhana ilipotoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa adhana, wanawake walitandaza kanga vichwani wakatulia. Kristina, Mkatoliki wa watu, alikaa kwenye kona yake na mikono mapajani. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa singa. Alikuwa anajaribu kujua anajisikiaje, na alichokiona ni kwamba ana njaa, njaa kubwa, kama mtu aliyeshuka zamu.

Baada ya sala watu wakala, wakaondoka kwa makundi. Kijakazi alipita mbele yake, akasimama. "Kichwa kimenivuma mpaka sasa," akasema kwa ukali, akaenda zake. Hatua chache mbele alisikika akivuta mlio mmoja mrefu kwa pua, akajikatiza, akaangalia huku na huku.

Bi Mwanasiti alikuja wa mwisho. Alitazama magunia matano yaliyoshonwa upya, akatazama gitaa, akatazama vidole vya Kristina.

"Kesho tunamenya vitunguu," akasema. "Magunia mawili."

"Ndiyo, Bibi."

"Saa mbili kamili uwe umekwisha kukaa. Wale wakianza bila wewe watapiga domo mpaka alasiri." Akageuka kwenda, kisha akarudi hatua moja. "Na hicho kispika kisogeze ndani kidogo, hapo jua linakipiga."

Kristina akainuka akakisogeza. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoa singa mpya kutoka chini ya kitanda, akaanza kuzichana. Magunia mawili ya vitunguu si sawa na matano ya mchele. Kingehitajika kipande kingine.